UZI: Kufunga na kukaza trampolini ya katamarani ndogo. Kwa nini katikati panazama hata ukivuta kwa nguvu zote

Kapi Mbili (mleta uzi)

Wakuu habari. Naleta uzi huu kwa wenye katamarani (boti za miili miwili) ndogo za ufukweni, zile za mita nne hadi sita zisizo na chumba, ambazo mnakaa juu ya trampolini yenyewe, yaani kitambaa kilichokazwa kati ya miili hiyo, mkiendesha: Hobie 16, Dart 18, Prindle, Nacra, Tornado na nyingine za aina hiyo. Lalamiko ninalolisikia zaidi ni hili: mtu amevuta kamba hadi viganja vinawaka, pembeni pamekaza vizuri, lakini akikaa katikati anazama. Anaona kamba ndiyo mbovu, anatafuta nene zaidi, na hali inabaki ileile.

Kamba mara nyingi haina kosa. Nguvu aliyovuta haikufika alikotaka ifike.

Tazama kamba inayopita kwenye kijicho (namaanisha pete ya chuma iliyobanwa kwenye kitambaa) kisha inageuka kurudi ilikotoka. Hapo imezunguka nusu duara. Tuseme mgawo wa msuguano ni 0.2, ambao si mkubwa. Ukivuta kwa nguvu ya kilo 40 upande wako, upande wa pili wa kijicho inabaki karibu kilo 21. Ukipita kijicho kinachofuata inabaki 11. Cha tatu, 6. Safu ya nyuma ya trampolini ina vijicho vingi kuliko vitatu, kwa hiyo mtu anayeshika ncha ya kamba na kuvuta kwa mwili wote anakaza hatua chache za mwisho tu. Kule katikati hakuna kilichobadilika. Kijicho chenye chumvi iliyoganda au kilichochubuka kinakula nguvu zaidi ya hapo.

Ukishalielewa hilo, kazi yote inabadilika. Kamba ya trampolini haivutwi kutoka mwisho. Inakazwa hatua kwa hatua, kijicho kwa kijicho, kuanzia katikati kwenda pembeni, na mzunguko huo unarudiwa.

Jambo la pili: trampolini si kiti tu. Miili miwili ya boti imeunganishwa na boriti ya mbele na ya nyuma. Mwili mmoja ukigonga wimbi ukapunguza mwendo huku mwenzake ukiendelea, fremu inataka kuacha kuwa mstatili na kuwa msambamba. Maungio ya boriti ndiyo yanayozuia, na trampolini iliyokazwa inayasaidia. Kwenye Hobie 16 utaliona wazi, kwa sababu fremu yake imeinuliwa juu ya nguzo nne na ina boriti za ubavuni pia. Trampolini ikilegea, boti nzima inacheza chini yako, na kila unapobisha (unapogeuza omo kupita upande wa upepo) unahisi mwili mmoja unachelewa kumfuata mwenzake.

Sasa kazi yenyewe.

Kabla hujagusa kitambaa, pima fremu. Chagua alama ileile kwenye kila kona, mfano kichwa cha bolti, upime mishazari miwili: mbele kushoto hadi nyuma kulia, kisha mbele kulia hadi nyuma kushoto. Vipimo vikiwa sawa, fremu iko mraba. Pima pia umbali kati ya miili kule omo (mbele) na kule tezi (nyuma). Kaza bolti za boriti sasa hivi, kagua ribiti na viungo vya pembeni. Ukikaza trampolini juu ya fremu iliyopinda, unaifungia upindaji uleule, na utaulipa kwa mwendo kila unapotoka.

Kisha dasi. Kingo za trampolini nyingi zina dasi, yaani kamba iliyoshonewa ndani ya ukingo wa kitambaa, na dasi hiyo inateleza kwenye mfereji wa aluminiamu ulio kwenye boriti. Suuza mfereji kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) utoe mchanga wote. Pitisha kidole kwenye mdomo wa mfereji: pakikwaruza, lainisha kwa tupa na msasa mwembamba, kwa sababu hapo ndipo vitambaa vingi huanza kuchanika. Pakaza maji ya sabuni. Mafuta ya mashine usitumie, yanashika mchanga. Kazi hii ni ya watu wawili: mmoja anaelekeza dasi iingie imenyooka, mwingine anavuta kamba iliyofungwa kwenye kijicho cha kwanza. Ikikwama, rudisha nyuma kidogo. Ukilazimisha, dasi inabaki ndani na kitambaa kinakuja mkononi.

Ikishakaa kwenye mifereji, pitisha kamba zote zikiwa legelege. Zote kabisa, kabla ya kukaza hata moja. Safu ya nyuma mimi napenda kuifunga kwa kamba mbili zinazoanzia katikati, moja kwenda kushoto na nyingine kulia. Hapo kila kamba ina nusu ya vijicho, na mvuto unakuwa sawa pande zote mbili.

Mzunguko wa kwanza, ondoa ulegevu tu. Wa pili, vuta kwa mkono. Wa tatu ndipo utumie nguvu: vuta hatua moja, zuia kamba isirudi kwa kuchomeka kigingi laini cha mbao ndani ya kijicho, nenda hatua inayofuata, vuta, hamisha kigingi. Usizungushe kamba kwenye vidole. Izungushe kwenye kipande cha mbao cha mviringo ukivute kwa mikono miwili, ukiegemea nyuma kwa uzito wa mwili. Vaa glavu.

Wenye ujuzi karibuni mwongeze.

Goshini

Uzi mzuri mkuu. Swali langu ni la kamba. Niliyonayo ni ya nailoni, ilikuja na boti. Wenzangu wanasema niweke Dyneema (kamba ya nyuzi imara sana za polietilini) ya milimita 3 nisahau habari ya kukaza upya. Unashaurije?

Kapi Mbili

Goshini, nailoni iondoe. Inanyonya maji na kurefuka ikilowa, kwa hiyo unachokaza nchi kavu kinalegea baharini palepale unapokihitaji. Poliesta iliyosukwa, milimita 4 au 5, inawatosha watu wengi: hairefuki sana, inashikika mkononi na fundo lake linakaa.

Dyneema ina faida moja kubwa kwenye hesabu niliyotoa juu, nayo ni utelezi. Msuguano ukipungua, nguvu nyingi zaidi inafika kwenye vijicho vya mbali. Ila utelezi huohuo unafanya mafundo ya kawaida yafunguke, kwa hiyo mwishoni unahitaji mizunguko mingi zaidi, na ncha ndefu ya akiba. Tena nyuzi zake hurefuka polepole zikikaa kwenye mzigo wa kudumu, hata kama hazirefuki kwa mshtuko. Hiyo ya kusahau kukaza upya haipo. Halafu milimita 3 ni nyembamba sana mkononi, na ikiwa kijicho kimelegea kidogo inaingia kati ya pete na kitambaa na kukata. Ukiipenda, chukua nene kidogo.

Nahodha Zuhura

Naongezea kwenye kamba: muda wa siku nao una maana. Kitambaa chenye vinili kikiwa baridi ni kigumu na hakitaki kunyooka. Tandaza trampolini juani kwanza, ifunge ikiwa na joto, utaona mzunguko wa tatu unakupa kamba ya ziada ambayo asubuhi isingepatikana.

Pia msitegemee siku ya kwanza. Trampolini mpya hunyooka ikishakaliwa na kurukiwa na mawimbi, nyuzi zinajipanga, dasi inajibana kwenye mfereji. Kaza, toka nayo, rudi ukaze tena ikiwa bado juu ya boti. Kwa hiyo usikate kamba iliyobaki. Ikunje vizuri uifunge chini ya boriti.

Foromali

Mimi nitapingana kidogo. Sisi wa mashindano tunataka ikazwe kama ngoma. Mtu akiruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine wakati wa kubisha, trampolini iliyolegea inameza mguu wake na boti inasimama. Na ikizama katikati inagusa mawimbi, maji yanaishika kwa chini, unapunguza mwendo. Kwa nini uzi huu unaogopa kukaza?

Kapi Mbili

Foromali, siogopi kukaza, na hayo mawili uliyosema ni kweli tupu. Naogopa kukaza bila kujua boriti zinabeba nini. Nitoe hesabu rahisi, halafu uamue mwenyewe.

Chukua utepe mmoja wa kitambaa, urefu kutoka boriti hadi boriti mita 2, mtu wa kilo 80 amesimama katikati. Akizama sentimita 10, utepe huo unavuta kila upande kwa nguvu ya kilo 400 hivi. Ukitaka azame sentimita 5 tu, mvuto unakuwa kilo 800. Kila ukipunguza nusu ya mzamo, mvuto unaongezeka mara mbili. Kwenye trampolini halisi mzigo husambaa kwenye tepe nyingi na kwa pande zote mbili, kwa hiyo hakuna kijicho kimoja kinachobeba kilo 800, lakini mwelekeo wa hesabu ni huohuo. Kutaka isizame kabisa ni kutaka nguvu isiyo na mwisho. Hapo kitakachoshindwa kwanza ni kijicho, au mshono, au boriti ya ubavuni itakayopinda kuelekea ndani.

Na nguvu hiyo haiko pale unaposimama tu. Mvuto wa awali uliouweka unabaki kwenye fremu usiku na mchana, boti ikiwa imelala ufukweni.

Kipimo changu ni hiki. Kaa katikati kwa uzito wako wote, mwenzako achungulie kwa chini. Trampolini izame kidogo na irudi mara moja unaponyanyuka, bila mkunjo wowote kuanzia kwenye kona. Kisha mwenzako aangalie boriti ya nyuma na za ubavuni kwa kulinganisha na uzi ulionyooshwa. Boriti ikianza kuonyesha upinde, umeshapita, rudisha. Boti ya mashindano yenye boriti nene za kisasa itakubali kukazwa kuliko Hobie ya zamani, na hapo wewe na mimi hatupingani.

Foromali

Sawa, kipimo cha uzi kwenye boriti sikuwahi kukifanya. Nitakijaribu.

Mwana wa Maji Makuu

Wakuu, nisaidieni kuchagua. Trampolini yangu ya zamani ni ya turubai la vinili lisilo na matundu. Nataka kubadilisha. Kuna wavu wa vinili juu ya poliesta, na kuna ule mweusi wa polipropilini uliofumwa. Upi?

Nahodha Zuhura

Mwana wa Maji Makuu, yoyote kati ya hizo mbili itakuwa bora kuliko turubai kwa jambo moja zito: maji na upepo vinapita. Turubai likijaa mvua linakuwa bwawa, na uzito wa bwawa hilo unavuta vijicho usiku kucha. Boti ikipinduka na kulala ubavu, trampolini inasimama wima na kushika upepo. Ya turubai inashika wote, na boti inaweza kusukumwa haraka kuliko unavyoweza kuogelea kuifuata. Hata yenye wavu, shika boti usiiachie, lakini tofauti ipo na ni kubwa.

Polipropilini ni nyepesi, hainyonyi maji, na iliyofumwa vizuri haichubui magoti. Adui yake ni jua. Ile nyeusi huvumilia zaidi kwa sababu rangi yenyewe hukinga mionzi, kwa hiyo usidanganyike na rangi za kupendeza. Wavu wa vinili juu ya poliesta ni mzito kidogo, unadumu kwenye jua, na unakazika vizuri ukiwa na joto. Kama boti inakaa nje mwaka mzima, mimi ningechukua huo. Kama ina turubai la kuifunika na unalitumia kweli, polipropilini ni raha zaidi kukalia.

Chochote utakachochagua, angalia uzi wa kushonea. Kitambaa kizuri chenye uzi mbaya ni hasara. Uzi uwe wa poliesta unaohimili jua, na mishono ya mikanda ya miguu (ile ya kuingizia nyayo unapoegemea nje) iwe imerudiwa. Kwa trampolini yako ya sasa, kwaruza mshono kwa ukucha: nyuzi zikitoka vumbi au zikakatika, hiyo haifai kubeba mtu anayening'inia nje ya boti.

Goshini

Hapo kwenye mikanda ya miguu nina swali. Ya kwangu imelegea hata baada ya kukaza trampolini. Nikining'inia nje, mguu unachomoka.

Kapi Mbili

Mikanda ikaze baada ya trampolini, kamwe si kabla, maana trampolini ikikazwa urefu wote unabadilika. Boti nyingi mikanda hufungwa mbele na nyuma kwa kamba fupi. Badilisha kamba hizo pamoja na za trampolini, kwa sababu zinapigwa na jua sawasawa na zinabeba mtu mzima. Ziangalie kila unapoandaa boti. Ikikatika, anaanguka mtu. Kimo cha kukaza kipime ukiwa umekaa ubavuni kama unavyokaa baharini: nyayo ziingie bila kutazama na zisiteleze magoti yakinyooka.

Mrengu

Nasoma kimyakimya, nimefaidika. Ila kuna hili la usalama ambalo naliona linapitwa. Boti ikipinduka kabisa, mlingoti ukaelekea chini, watu hujikuta chini ya trampolini. Kulabu ya mkanda wa trapizi (kamba ya kutoka mlingotini inayokushika ukining'inia nje ya boti) ina tabia ya kunasa kwenye wavu au kwenye kamba za kukazia, na mtu akinasa hapo kichwa kikiwa ndani ya maji, sekunde zinahesabika. Kila anayepanda boti hizi awe na kisu cha kukatia kamba mwilini, mahali mkono wowote unafika. Kisu kilicho ndani ya mfuko wa trampolini hakikusaidii hapo.

Na kwenye kufunga: msiache matanzi marefu ya kamba yakining'inia chini. Kila tanzi ni mtego wa kulabu au wa kidole. Matundu makubwa yaliyochanika nayo ni mtego wa mguu, yazibwe kabla ya kutoka.

Nahodha Zuhura

Naunga mkono Mrengu kwa asilimia zote. Kwenye boti yangu hakuna anayepanda bila kisu.

Kusi Tupu

Kijicho kimoja cha nyuma kimeng'oka na kuacha tundu lenye kingo zilizochanika. Nigonge kipya kikubwa zaidi palepale?

Kapi Mbili

Usigonge kwenye kitambaa kilichochanika, kitashika siku chache tu. Kata nyuzi zilizolegea, shonea kiraka cha mkanda wa poliesta au vinili nzito pande zote mbili, kiwe kipana kuliko jeraha kwa kila upande, kisha toboa tundu dogo kuliko kijicho na ugonge pete yenye meno, ile inayouma kitambaa. Wakati unasubiri kiraka, ruka kijicho hicho na ulegeze kidogo viwili vya jirani, maana ndivyo vimebeba mzigo wake.

Halafu jiulize kwa nini hicho ndicho kilichong'oka. Kijicho kimoja kikiachia peke yake, mara nyingi kilikuwa kimekazwa kuliko wenzake, na hapo tunarudi kwenye habari ya kuvuta kutoka mwisho. Ni cha pembeni?

Kusi Tupu

Ndiyo, ni cha pili kutoka kona ya kulia. Na ni kweli kamba yangu inaishia kona hiyo. Boti ni Hobie 16, ina mstari wa kamba katikati na mwingine nyuma. Nianze na upi?

Kapi Mbili

Usimalize mmoja kabla ya mwingine. Mstari wa katikati unavuta boriti za ubavuni ziingie ndani, wa nyuma unavuta kitambaa chote kuelekea tezi. Ukimaliza wa nyuma kwanza, kitambaa kinabanwa na wa katikati hausogei. Ukimaliza wa katikati kwanza kwa nguvu zote, ubavu unapinda na kona za nyuma zinafanya mikunjo. Pitisha yote legelege, kisha katikati kidogo, nyuma kidogo, katikati, nyuma, hadi vyote vifike pamoja. Kila baada ya mzunguko pima mishazari.

Kusi Tupu

Nimefungua zote na kupima kama ulivyoelekeza. Mshazari wa mbele kushoto hadi nyuma kulia umezidi mwenzake kwa sentimita moja na nusu, trampolini ikiwa imelegezwa kabisa.

Kapi Mbili

Vizuri kwamba umeijua kabla ya kukaza. Legeza bolti za fremu kidogo, boti ikiwa juu ya mchanga tambarare au viti viwili vya kimo kimoja. Funga mkanda wa kukazia mizigo kwenye mshazari ule mrefu, kwenye viungo vya kona na wala si kwenye aluminiamu tupu katikati ya boriti, uvute polepole hadi vipimo viwili vilingane. Kaza bolti. Mkanda ukiwa bado umefungwa, kaza trampolini kwa mizunguko yako mitatu, kisha ufungue mkanda na upime upya.

Vipimo vikibaki sawa, umemaliza. Mshazari ukirudi kuwa mrefu mara tu mkanda unapoachiliwa, ujue trampolini haiwezi kukusaidia: kagua mahali nguzo zinapoingia kwenye viungo vya kona, na ribiti za viungo hivyo, kwa sababu kuna kitu kinacheza hapo. Tikisa kila kona kwa mkono huku mwenzako ameweka kidole kwenye kiungo. Atahisi kipi kinasogea.